Maji ya Muzazi na Fren ya Kable

Nyinyi batoto munaoanza kazi kule kwenye kable, musogee karibu kidogo, juu nusu ya sauti yangu ilibaki ndani ya moteri ya mazutu, ya dizeli, ya zamani. Diplome sina. Shule niliipitaka mbele ya mulango yake, nikaisalimia, ikanisalimia, kila mutu akaenda kwake. Lakini nilishika fren, ile breki, ya kable mpaka mukono yangu ya kuume ikawa murefu kushinda ya kushoto. Angalieni mwenyewe. Bibi yangu akitaka sufuria ya juu kabisa, hatafuti kiti, ananiita mi.

Sasa mi nawapa neno moja. Kila mutu anaogopaka siku umeme itakosa. Umeme ikikosa, kable inasimama, batu banatukana, banashuka na ngazi, inaisha. Nyinyi muogope siku umeme iko mingi. Mi niliona ile siku. Niliishika na mikono yangu ile mbili, ilitaka kuniponyoka.

Mbele niwaeleze kable, juu namuona huyu wa nyuma anaitikia na kichwa na hajaelewa kitu.

Kable ni kamba ya chuma inazunguka kama mushipi, haina mwanzo haina mwisho. Huku chini iko stasyo yetu, kule juu ya mulima iko ingine, fasi batu ya upande wa Busasamana banaletaka viazi. Vikapu ya chuma inashuka na viazi upande moja, inazunguka gurudumu kubwa, inapanda upande ingine na chumvi, sabuni, sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa. Kati ya vikapu, kila fasi kidogo, iko kabine ya batu. Kile kinashuka kinavuta kile kinapanda. Kama mizani ya soko, tu hii mizani inatembea.

Zamani ilisukumwaka na mazutu. Ile moteri ilikuwa inakohoa mpaka batu ya Goma banasema volkano imeamka. Muzee Karoli, Mungu amulaze muzuri, njo alinifundisha. Alikuwa anachukua turnevisi, bisibisi ndefu, ncha moja kwenye chuma, ingine kwenye mufupa nyuma ya sikio, anafunga macho. "Safari," ananiambia, "mashini inaongeaka na mufupa. Sikio inadanganywa, mufupa haidanganywe." Na tena: "Fren ikitoa moshi, usiimwagie maji. Chuma ya moto ikikutana na maji ya baridi inapasuka, na weye utabaki umeshika mupini ya kitu imeshakwenda." Ile ya pili muishike. Itarudi.

Kisha bakaleta mashini ndogo ya kutengeneza umeme na maji kwenye kijito kinachoanguka kule kwenye bonde, na pano za jua juu ya paa, na nyumba muzima ya batri. Enjenyeri naye akakuja, binti moja jina yake Claudine. Wazazi yake balirudi toka Tanzania, basi Swahili yake ilikuwa imepigwa pasi, na kola. Mi nilikuwa naona haya kuongea mbele yake, na mi sijawahi kuona haya hata mbele ya padri.

Siku ya kwanza akanionyesha saa ya batri, ile inayopima umeme iko ndani. Viazi inashuka, sindano inapanda.

"Binti yangu," nikamuambia, "hii imeharibika. Mashini inafanya kazi, na umeme inaongezeka?"

"Haijaharibika, Mzee Safari. Mzigo unaoshuka una nguvu. Mota inaushika usikimbie, na kwa kuushika inatengeneza umeme. Viazi vinatulipa kabla ya kuliwa."

"Na batri ikishiba?"

Akacheka, juu niligusa fasi yenyewe. Akanipeleka nyuma ya stasyo. Kule iko tanki kubwa ya maji, ndani iko vyuma ya kuchemsha. Batri ikishiba, umeme inaenda kwenye tanki, inachemsha maji. Lazima iende fasi. Kama haina fasi ya kwenda, mota haiwezi tena kushika viazi, na kazi yote inaangukia fren.

Bon. Sasa muniambie: mukiweka tanki ya maji ya moto katikati ya kartye, ya mutaa, bure, inachemka tangu asubuhi, bamama ya Rubavu batafanya nini?

Njo vile. Kwanza alikuja moja na beseni ndogo ya kuosha sahani. Kesho bakakuja na bidoni, madumu ya maji. Ikawa igikoma, uji, ya batu ya kupakua inapikwa na maji ya kable, nguo inaoshwa na maji ya kable. Na zaidi kabisa, muzazi. Munajua kwetu, mwanamuke akizaa anakandwa na maji ya moto, moto sawasawa, mpaka majirani banajua amekandwa juu banamusikia. Nani atamukatalia muzazi maji? Ule mutu hajazaliwa, na akizaliwa, mama yake atakandwa na maji ile ile.

Malkia ya ile tanki alikuwa Mama Feza. Anauzaka sambaza karibu na stasyo. Mwanamuke mukubwa, na anajua ukubwa yake, anaibeba kama chifu. Akikaa kwenye mutumbwi, ziwa inapanda mpaka Kibuye banasogeza viti. Sambaza yake ilikuwa inapanda na kable kila siku, ye mwenyewe hapana. Nikimuuliza, jibu iko ile moja: "Mi siko nguo, Muzee Safari. Nguo njo inaanikwa kwa kamba."

Ile wiki nataka kuwaeleza, binti yake akazaa mapasa, batoto babili. Na haikuwa ye peke yake. Kartye yote ilizaa, kama vile batu balikutana bakakubaliana. Beseni zilipanga mustari toka tanki mpaka barabara. Na robinet, bomba inayojazaka tanki, ilikuwa imekauka tangu siku moja mbele ya soko, kama inavyofanyaka. Moto inatoka, baridi haiingii. Kila mutu alichota, kila mutu akasema asante, hakuna mutu aliangalia ndani.

Ikafika siku ya soko.

Jua ilikuwa kali mpaka kuku zinatembea na vidole. Batri imeshiba tangu mapema. Kule juu banapakia viazi kikapu nyuma ya kikapu, juu kamio, lori ya kwenda Grande Barrière kule kwa mupaka, ilikuwa chini inangoja, shoferi anapiga honi. Bosco njo alikuwa mukubwa ya kupakua. Ule kijana alikuwa mwepesi, ukisimama karibu yake na mufuko, unajikuta mwenyewe ndani ya kamio. Claudine alikuwa amepanda kuangalia stasyo ya juu, sasa anashuka na kabine. Pamoja naye ndani alikuwa mama moja amefunga mutoto mugongoni, mutoto ako na homa kali, anatetemeka, banamuleta santere de sante, kwa matibabu.

Mi niko kwenye fasi yangu. Ile tanki nilizoea sauti yake, inakoroma kama baba mukwe kisha kula. Mara ikanyamaza.

Mufupa yangu ikajua mbele ya kichwa. Vyuma ya tanki inajizimaka yenyewe kama maji haiko, isiungue. Tanki ikijizima, umeme ya viazi haina fasi ya kwenda. Nikasikia "tak", mota ikaachilia. Fren inayojishika yenyewe ikaangukia gurudumu, kamba yote ikastuka, vikapu ikacheza kule hewani mpaka bonde yote ikalia chuma. Ikasimama.

Nikavuta pumzi. Kisha nikasikia harufu, kama kiatu ya zamani kwenye makala ya jiko. Nikaangalia gurudumu kubwa. Ilikuwa inatembea. Pole pole, kama mutu anayetoka misa mbele ya sadaka, lakini inatembea. Upande wa viazi ulikuwa muzito kushinda fren.

Nikarukia mupini ya fren ya mukono, nikaweka kifua, tumbo, na dhambi yangu yote juu yake. Ikapunguza. Haikusimama. Mukiona mutu kwenye hii kazi anatoka jasho na haongei, mujue ako anahesabu muzito. Toka kule kabine ilikuwa mpaka ukuta ya stasyo ni mutelemuko tupu. Fren ikikufa, vikapu yote ya viazi inakimbia pamoja, na kabine ile inakuja nayo.

"Muzee," Bosco akapiga kelele, "tupakue mbio, ikuwe nyepesi."

Na mi nikaona ako na haki. Kila mutu aliona vile. Kitu kizito kinakimbia, si unakipunguza? Batu yote ya soko bakaingia, bamama, bashona viatu, hata shoferi ya kamio. Kikapu inafika, inabakia tupu kama mukono ya mulevi. Kamio ikajaa, shoferi akaona moshi ya fren, akakumbuka ako na safari, akapotea kuelekea mupaka.

Na gurudumu ikaongeza mwendo.

Tunapakua, inakimbia. Tunapakua mbio, inakimbia mbio. Mutu mwema moja akakuja na beseni ya maji ya kuosha samaki, anataka kuimwagia fren. Nikamuambia, "Ukimwaga ile, kaka, nitakurusha mi mwenyewe nyuma yake." Akaiweka chini muzuri sana.

Simu ikalia kwenye mufuko ya shati yangu. Bosco akaitoa, akaniwekea kati ya sikio na bega.

"Mzee Safari." Ni Claudine. Sauti yake ilikuwa chini, kama anaongea karibu na mutoto amelala. "Naona vikapu vinavyopanda. Viko tupu."

"Njo tunapakua, binti yangu. Tunakupunguzia muzito."

"Mnanipunguzia upande usio wangu. Kikapu kikifika chini, mzigo wake hauvuti tena. Kikipanda na mzigo, kinatushikilia. Kila mnachopakua kingekuwa breki yetu. Msipakue. Na vilivyo tupu vipakieni."

Mizani. Miaka yote nasema ni mizani, na siku ya mizani nikasahau mizani.

"Bosco," nikasema, "acha viazi. Irudi juu."

Bosco akaniangalia kama nimesema tuzike mutu muzima. Lakini akaacha. Kikapu ikazunguka na mifuko yake, ikaanza kupanda. Mwenye viazi, mwanaume mufupi wa kofia, akaikimbilia nyuma: "Ayiwe, viazi yangu inaenda wapi?"

"Imesahau kuaga," Bosco akamujibu.

Ile ilisaidia. Lakini vikapu mingi ilikuwa imeshapanda tupu, na muzito ya kuweka ndani ilikuwa njiani na kamio. Bakaleta mawe. Na munajua mawe ya kwetu, volkano ilipika na baking powder. Mutu anabeba jiwe kubwa kama mbuzi, unaona ni mwanaume, kumbe iko nyepesi kama mandazi. Tukajaza kikapu moja mpaka juu, gurudumu haikusikia kitu.

"Mzee," Claudine akasema kwa simu, "watu wapo?"

"Bako mingi."

"Basi watu."

Nyuma yake nikasikia ule mutoto analia, kilio kidogo ya mutu hana nguvu. Kisha nikasikia mama yake anaimba kitu kwa Kinyarwanda, na sauti yake inakatika kila kabine inastuka.

Nikawaambia batu: "Enjenyeri anasema tupande. Kwenye vikapu. Mi siwezi kuachilia hapa."

Mulishaona batu banaangalia viatu yao kama ni mara ya kwanza? Mutu moja akauliza pole, "Kupanda kwenye kitu kinakimbia, juu kisikimbie?" Kikapu tupu ikapita. Ingine ikapita. Moshi ya fren ilikuwa inaingia kwa macho yangu, nikashindwa kupangusa.

Hapo njo Mama Feza akatokea nyuma ya stasyo, beseni kwenye kiuno, uso imekasirika.

"Muzee Safari, maji iko wapi? Mapasa bananingoja."

"Mama Feza, maji njo ilikuwa fren."

Akaangalia beseni. Akaangalia gurudumu. Ule mwanamuke haukumuelezea kitu mara mbili.

"Ndani ya kabine ni nani?"

"Enjenyeri. Na mama moja na mutoto mugonjwa."

Akaweka beseni chini. Akafungua kikwembe, kitenge yake, akaifunga tena, nguvu, kama mutu anaenda kupigana.

"Munipandishe."

"Mama," Bosco akasema, "si weye unasemaka hauko nguo..."

"Bosco, we unaongea kama redio ya mwenye baa. Shika huu mukono."

Balimuingiza banne, kikapu inatembea. Akakaa ndani, miguu inaning'inia inje, mikono imeshika chuma, macho amefunga. Mupini yangu ikastuka ndani ya mikono, kama farasi imesikia bwana yake. Sidanganyi, na munajua nikidanganya nasema. Gurudumu ilipunguza pale pale.

Kisha akafungua macho, yuko tayari juu ya vichwa yetu, akawapigia kelele bamama benzake ya samaki: "Na nyinyi? Kila siku munacheka kilo yangu. Leo kilo yenu iko wapi?"

Bakapanda. Moja alipanda na sambaza yake kwenye kichwa. Moja alipanda analia, moja anasali, moja anatukana kable na kila mutu aliyeiwazia. Mufupi wa kofia akapanda kufuata viazi yake. Shona-viatu akataka kupanda, Bosco akamupima na macho, akamuambia, "We kaka, ungoje tutakutumia kama bahasha." Kila mutu aliyeingia, nilimusikia ndani ya kiganja. Gurudumu ikachoka, ikachoka, ikawa inatambaa. Nikaanza kupumua.

Ikasimama.

Na kabine ilikuwa bado inje, juu ya bonde. Tulikuwa tumesawazisha sana. Nilisikia ule mutoto kwenye simu. Hakuwa analia tena, na ile ilikuwa mubaya kushinda kulia.

"Claudine," nikamuita jina yake, mara ya kwanza.

"Naona. Usiogope kulegeza. Toa kidogo chini, kidogo tu. Kikapu kimoja kiende chepesi, tutasogea."

Mulishaona mwenye kuuza viazi mwaminifu, kama yuko, anaongeza kimoja, anatoa kimoja, mpaka mizani inalala? Njo tulifanya. Bosco anatoa mufuko kwenye kikapu iko kwenye gurudumu, mi nalegeza mupini upana wa ukucha, kamba inakuja hatua moja. Kikapu ingine, tunapakia. Nalegeza. Inakuja. Soko muzima ya Rubavu ilinyamaza, na ile haikufanyika hata siku ziwa ilitikisika.

Kabine ikagusa stasyo pole kama mutumbwi kwenye muchanga. Mlango ikafunguka, ule mama akatoka anakimbia, hakusalimia mutu, moto, pikipiki, ilikuwa tayari imewashwa, akapanda na mutoto, bakaenda. Ule mutoto yuko. Anapitaka hapa na mupira, anaharibu maua ya bibi yangu.

Claudine akakuja kwenye mupini. Mikono yangu ilikataa kufunguka. Akafungua kidole kimoja kimoja. Akatia mupini mnyororo, akafunga kufuli.

"Sasa bamama," nikasema. Juu Mama Feza na benzake balikuwa bameanikwa kule juu ya bonde, na upepo.

"Mota inataka fasi ya kumwaga umeme," Claudine akasema. Fasi, alisema. Swahili yake ilishapoteza kola. "Nipatieni maji."

Haikukuwa lazima kuwaambia mara mbili. Bidoni zikatoka kila nyumba. Na kwa nyumba za bazazi, maji iliyobakia ya kukanda, vuguvugu, na majani ndani, ikarudi. Mukwe ya Mama Feza alileta beseni ya mapasa, anaibeba kama sakramenti. Tanki ikajaa mpaka vyuma, ikaanza kukoroma. Sijawahi kupenda mukoromo ya mutu hata moja vile.

Kable ikaamka pole pole, bamama bakapanda mpaka juu. Kule juu kabine iliwangoja, viti imesafishwa. Benzake ya Mama Feza bakashuka nayo. Ye hapana. Alishuka mulima yote na miguu, akafika jua inaingia upande ya Congo, viatu mukononi. Akakuja mbele yangu. Nikajua leo nitatukanwa mpaka mababu basikie.

"Muzee Safari."

"Mama."

"Toka kule juu nimeona paa ya nyumba yangu. Iko na tundu. Na ni we ulisemaka umeitengeneza."

Akaenda.

Kutokea ile siku, iko sheria kwenye tanki, hakuna mutu aliiandika: mbele ya kuchota moto, unamwaga baridi. Beseni moja inaingia, moja inatoka. Hata kwa muzazi. Mukikuta mutu anachota bila kumwaga, musimufukuze, mumuulize tu nani ako kwenye kabine. Na mota mupya bakileta, na komputa yake inayojua yote, muende kila asubuhi nyuma ya stasyo, muweke ule mufupa ya nyuma ya sikio kwenye ile tanki.

Mama Feza hajapanda tena. Anasema mara moja inatosha hata kwa nguo. Lakini siku ya soko, jua ikiwa kali na viazi inashuka mingi, mutamuona ameacha fasi yake ya zamani, ameweka sambaza yake karibu kabisa na mulango ya kupandia, kikwembe imefungwa nguvu. Ukimuuliza, anasema pale iko kivuli.

Pale hakuna kivuli.